Siku Chiriku Alipochungulia Kamera

Chiriku alikuwa na mazoea ya kufika darasani kabla ya wenzake wote. Walimu walimsifu kwa kuwahi, naye akazipokea sifa hizo kwa tabasamu, lakini kilichomwahisha hakikuwa bidii. Alitaka dawati la mbele. Akilikosa, ubao ulikuwa kwake kama wingu jeusi lenye madoa meupe, na ilimbidi anakili kwa rafiki aliyekaa naye huku akisingizia kwamba mwalimu ana mwandiko mbaya.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mchangamfu, asiyenyamaza ila akiwa amelala. Ndiyo maana nyumbani na shuleni walimwita Chiriku. Kuongea huko kulimfaa sana. Mtu akija kwa mbali, Chiriku alipiga soga na yeyote aliyekuwa karibu mpaka huyo anayekuja afike au atoe sauti. Alimjua shangazi kwa ndara zake zilizopiga sakafu pa-pa-pa, baba kwa kikohozi chake kikavu, na mwalimu wa hesabu kwa funguo zilizolia mfukoni. Watu walidhani anawaona. Yeye aliona rangi zinazotembea.

Mwaka uliotangulia, wauguzi walikuja shuleni kupima macho. Walitundika chati ya herufi ukutani, wanafunzi wakapanga mstari. Chiriku alijiweka nyuma kabisa, akawategea sikio waliotangulia, na zamu yake ilipofika akazitaja herufi zote kama mtu anayeimba wimbo aliouzoea. Muuguzi akamwambia macho yake ni mazima, aende zake. Alifanya hivyo kwa sababu darasani mwao kulikuwa na mvulana aliyevaa miwani, na wenzake walimwita Babu. Chiriku hakutaka kuitwa Bibi.

Pengine siri hiyo angeitunza miaka mingine mingi, kama dada yake mkubwa asingepata mchumba.

Harusi ilipopangwa, nyumba yao haikutulia tena. Huyu anaingia na vitambaa, yule anatoka na kadi, na kila jioni sebule ilijaa watu wenye maoni. Jioni moja wakafika kwenye suala la picha na video.

"Hilo msihangaike nalo," mjomba akasema. "Nina rafiki yangu ana simu kali sana. Atatupigia kila kitu."

"Rafiki yako huyo ndiye aliyepiga harusi ya binti wa jirani," mama akamjibu. "Kwenye picha zile watu wote hawana vichwa."

"Ni warefu wale," mjomba akamtetea mwenzake, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Dada hakucheka. Alisema kwa upole kwamba siku hiyo ataiona mara moja tu, tena akiwa na wasiwasi, na angependa kuiona tena akiwa ametulia. Mama akamtazama, kisha akasema kwamba kesho yake watakwenda kumtafuta mtu wa kazi hiyo.

Walikwenda wanne: mama, shangazi, dada na Chiriku. Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la ndoo na mabeseni. Ndani mlikuwa na taa kubwa zilizofunikwa miamvuli myeupe, pazia refu la kijivu lililoshuka toka darini hadi sakafuni, na harufu ya nyaya zilizopata moto. Mpiga picha alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nywele fupi na sauti ya chini. Upande wa video ulishikwa na mdogo wake wa kiume, kijana aliyetembea kama paka. Hukujua yuko wapi mpaka umgonge.

Wakaonyeshwa harusi waliyoipiga mwezi uliopita. Video ilirushwa ukutani, taa zikazimwa. Chiriku alikaa kwenye kochi la nyuma. Alisikia shangazi akivuta pumzi, akasikia dada akinong'ona, "Mama, mtazame yule bibi anavyocheka." Yeye aliona bakuli la rangi zinazokorogwa. Wenzake waliponyamaza, naye akanyamaza. Waliposema inapendeza, naye akasema inapendeza mno.

Taa zilipowashwa, mpiga picha alianza kuuliza maswali. Ukumbi una madirisha upande gani? Kuna mgonjwa asiyeweza kusimama sana? Kuna watu wasiopatana, wasije wakawekwa bega kwa bega?

Shangazi akakohoa.

"Huyu na mke wa kaka yangu," mama akasema. "Usiwasimamishe pamoja."

"Mbona tunapatana?" shangazi akasema. "Tunapatana vizuri kabisa, kila mmoja akiwa kwake."

Hata mpiga picha alishindwa kuzuia kicheko. Kisha akauliza ni nani wa kuwaonyesha watu siku yenyewe. "Sisi hatuwajui ndugu zenu. Tunahitaji mtu mmoja wa nyumbani asimame karibu yangu aniambie, yule ni babu, yule ni rafiki wa bibi harusi tangu utotoni. Kuna mambo hutokea mara moja tu na hayarudi."

Wote wakamgeukia Chiriku. "Huyu anamjua kila mtu," dada akasema, "na maneno hayamwishi."

Chiriku alijisikia kama amevishwa taji. Hapohapo akakumbuka zile rangi zinazotembea.

Mama alikuwa na ombi moja la pekee. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuwa amefanya kazi nchi za mbali tangu Chiriku akiwa bado anabebwa mgongoni. Angefika siku ambayo familia mbili zingekutana nyumbani kufahamiana, wiki chache kabla ya harusi. "Baba yao hapendi kusema mambo ya moyoni," mama akaeleza. "Lakini amemngojea sana huyo mdogo wake. Wakikutana hao wawili, hiyo ndiyo picha ninayoitaka kuliko zote." Wakakubaliana kwamba siku hiyo iwe ya majaribio. Kazi ikipendeza, watawachukua kwa harusi yenyewe.

Nyumbani Chiriku alipewa picha ya baba mdogo. Aliisogeza karibu na pua, akauona uso wote, hata alama nyeusi kidevuni. Vitu vya karibu havikumpa shida. Shida ni kwamba watu hawakuwa na desturi ya kutokea puani mwake.

Siku ya kukutana, uani palijaa viti na wageni. Mpiga picha alisimama karibu na mlimau, kamera kifuani, mdogo wake ubavuni na Chiriku mbele yao. Kazi ilianza vizuri. Shangazi alikuja na ndara zake, Chiriku akamtaja kabla hajafika. Mjomba alisikika tangu barabarani. Kisha mama akapita haraka akasema baba mdogo amepiga simu, yuko karibu, amevaa shati la bluu.

Chiriku alikodoa macho kuelekea lango kubwa, akaona umbo refu la bluu linaingia. Hakumjua mwendo wake, wala hakupata kusikia sauti yake. Alikuwa na bluu tu.

"Ni yule," akasema.

"Una hakika?" mpiga picha akauliza.

"Ndiye. Baba mdogo huyo."

Mpiga picha akachomoka, mdogo wake nyuma yake. Mwanamume wa shati la bluu alishangaa kidogo, kisha akafurahi, akanyoosha ukosi na kutabasamu. Alikuwa dereva aliyewaleta wageni wa upande wa bwana harusi.

Wakati huohuo, kwenye mlango mdogo wa nyuma, ulisikika ukelele wa furaha. Baba, mtu ambaye hata kucheka alicheka kwa kupima, alikuwa amemkumbatia mdogo wake, akamnyanyua juu, akazunguka naye kama anayezunguka na mtoto. Watu walisimama wakapiga makofi. Kamera zilipogeuka, ndugu hao walikuwa wameshaachiana, kila mmoja anajipangusa uso kwa kiganja.

Mama alikuja mbio. "Mmeipata?"

"Hatukuipata, mama," mpiga picha akasema. "Tuwie radhi." Hakumtaja Chiriku wala hakumtazama.

Mtu mmoja akapendekeza ndugu wale warudie kukumbatiana ili wapigwe. Baba akatikisa kichwa. "Tumeshakutana," akasema. "Hatuwezi kukutana mara ya pili."

Wageni walipoendelea kula, shangazi alimvuta mama ndani. Dirisha lilikuwa wazi, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona. "Hawa si wa kuwachukua. Ombi moja tu tuliwaomba, moja, nalo limewashinda. Siku ya harusi watampiga nani? Dereva?" Mjomba naye akasikika akisema kwamba rafiki yake bado yupo, na safari hii ataambiwa habari ya vichwa.

Chiriku aliiweka sahani yake chini. Alizunguka nyuma ya nyumba, akamkuta mpiga picha amekaa kwenye ngazi karibu na tangi la maji, anabadilisha betri ya kamera.

"Njoo ukae," akamwambia. "Hebu nieleze. Yule dereva ulimwonaje?"

"Alivaa bluu."

"Na uso wake?"

Chiriku akachezea ncha ya gauni lake. "Nyuso za mbali mimi huwa sizioni, dada. Naona rangi."

Mpiga picha hakushangaa wala hakukaripia. Alimkabidhi kamera, akaupitisha mkanda wake shingoni mwa Chiriku, akamwonyesha kitundu cha kuchungulia. "Elekeza kule mtaani. Unaona nini?"

"Ukungu. Kama siku zote."

"Kila mtu ana jicho lake," mpiga picha akasema, "ndiyo maana pembeni hapa pana kigurudumu kidogo. Kinaifanya kamera ilingane na jicho la anayechungulia. Nakizungusha polepole. Ukiona kitu, niambie."

Kigurudumu kikazunguka, kikazunguka tena, kikakaribia mwisho. Na hapo dunia ikajitokeza.

Chiriku aliishika kamera kwa mikono miwili. Mti wa ng'ambo ya barabara, ambao maisha yake yote ulikuwa fungu la kijani, ulikuwa na majani. Kila jani lilikuwa na ukingo wake, na kila moja lilitikisika kivyake, pasipo kulingana na jirani yake. Juu ya waya wa umeme alikaa ndege mwenye ujiti mdomoni. Paa la bati lilikuwa na mistari, na kwenye mistari palikuwa na misumari, na kwenye misumari palikuwa na kutu. Ghorofani kwa jirani mwanamke alimsuka mtoto nywele, na njia za kichwani zilionekana, nyeupe na nyoofu, kutoka umbali ambao Chiriku hakupata hata kujua kwamba pana mtu.

"Watu wote huona hivi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Wengi wao."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaigeuza kamera taratibu, akiogopa dunia isimwagike. Ikapita tangi, ikapita kamba ya nguo, ikafika dirisha la jikoni. Mama alikuwa amesimama pale peke yake, amejipa shughuli ya kupangusa sahani iliyokwisha kukauka. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Chiriku aliyaona yote mawili, la shavu la kulia na la kushoto.

Akaishusha kamera, na mama akawa tena doa la njano nyuma ya kioo.

Mpiga picha akaichukua, akachungulia bila kugusa kigurudumu. "Sasa mimi naona ukungu mtupu," akasema. "Kumbe ndivyo unavyoishi, mdogo wangu."

"Nilijua wenzangu wananizidi. Sikujua wananizidi kiasi hiki." Chiriku akaligeukia dirisha la jikoni. "Mbona hukuwaambia kwamba ni mimi niliyekosea?"

"Kamera ilikuwa mikononi mwangu. Ningeweza kuangalia mwenyewe pande zote. Na habari ya macho yako si yangu kuitangaza. Ni yako."

Chiriku aliinuka. Kutoka pale hadi sebuleni hapakuwa mbali, lakini alisimama mara mbili kabla ya kufika. Aliwakuta shangazi na mjomba bado wanabishana mbele ya dada, baba, na mama aliyekuwa ametoka jikoni. Akasimama katikati yao.

"Msiwafukuze," akasema. "Mimi ndiye niliyewaonyesha dereva. Sioni mbali. Hata ubao sioni. Shuleni walipopima, nilikariri herufi za wenzangu nikazisema."

Mama aliketi taratibu kwenye mkono wa kochi. "Nami kila siku namgombeza mtoto," akasema, kama anayejisemea. "Ondoa kitabu puani, ondoa kitabu puani. Kumbe anatafuta maandishi."

Dada akamshika Chiriku bega. Mjomba aliirudisha simu mfukoni. Ila aliyemshangaza kila mtu ni shangazi. Alisimama, akavaa ndara zake, akatoka pa-pa-pa kuelekea tangi la maji, wakamsikia akisema, "Mwanangu, nimekulaumu bure. Nisamehe." Shangazi hakuwa mtu wa kutoa neno hilo ovyo. Aliporudi, alisema kazi ya harusi ni ya wale wale, na asiyetaka azungumze naye.

Baba alimwita Chiriku, akakitazama kitambo kirefu kile kiuso kilichomtazama kwa kukunja macho. "Umekuja kusema mwenyewe," akasema. "Hilo nimeliona. Kesho tutakwenda kwa daktari wa macho."

Daktari alimweka kwenye kiti kirefu, akamwonyesha herufi moja baada ya nyingine. Safari hii Chiriku alisema sioni pale asipoona. Alibadilishiwa vioo, hiki au hiki, hiki au hiki, mpaka herufi ndogo kabisa zikasimama wima. Daktari akaeleza kwamba macho ya namna hiyo si ajabu, watoto wengi wanayo, na miwani inatosha. Kibaya ni kukaa bila kupimwa, kwa sababu kichwa huuma, masomo hurudi nyuma, na barabarani mtoto haoni gari mpaka limfikie.

Siku walipoichukua miwani, kurudi nyumbani kulikawia. Chiriku alisimama kila hatua chache. Alisoma mabango, alisoma bei za madukani, alisoma jina lililoandikwa ubavuni mwa lori. Aliuliza kama mawingu siku zote yana kingo. Baba alikuwa na shughuli zake, lakini hakumharakisha.

Shuleni kesho yake, msichana mmoja alijaribu kumwita Bibi. "Naam, mjukuu wangu," Chiriku akajibu, "una chaki sikioni." Darasa likacheka, msichana akapangusa sikio, na jina halikushika. Mvulana wa miwani alicheka kuliko wote, na tangu siku hiyo Chiriku akawa anamwita kwa jina lake.

Hatimaye siku ya harusi ikafika. Ukumbi ulikuwa mkubwa, madirisha marefu upande wa magharibi, mwanga wa alasiri ukilala juu ya viti kama shuka. Chiriku alisimama karibu na mpiga picha, akawaonyesha ndugu tangu walipokanyaga mlangoni. Yule ni rafiki wa dada. Yule ni mke wa mjomba, na shangazi yuko upande ule, hakuna tatizo. Hakukosea hata mmoja.

Kisha muziki ukabadilika, milango ikafunguliwa, dada akaingia. Watu wote waligeuka. Chiriku alimwona dada yake akija toka mwisho wa ukumbi, akauona uso wake tangu hatua ya kwanza, midomo inayotetemeka kidogo, macho yanayomtafuta mtu wake. Kamera ya video ilimfuata bibi harusi polepole. Kila jicho lilikuwa kwake.

Ndipo Chiriku akatazama upande wa pili. Kule mbali, nyuma ya nguzo, baba alikuwa amesimama peke yake akidhani haonekani. Alimtazama binti yake akipita, na uso wake ulikuwa umefunguka wote. Aliuma mdomo kama mtoto, machozi yanashuka, na wakati huohuo anatabasamu. Chiriku aliishi na baba huyo miaka yake yote, na hakuwa amewahi kuuona uso wake kwa mbali, akiwa hajui kwamba anatazamwa. Hakudhani kwamba ndani yake mna mambo mengi namna ile.

Aligusa kiwiko cha mpiga picha, akanyoosha kidole.

Mpiga picha akageuka, akaona, akapiga.

Baadaye, watu wakiwa wanacheza, mpiga picha alimwonyesha baba picha hiyo kwenye kioo kidogo cha kamera. Baba aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Mama aliyekuwa kando yake aliweka mkono mdomoni.

"Nani aliyeniona?" baba akauliza.

"Mwanao," mpiga picha akajibu. "Mimi nilikuwa namtazama bibi harusi."

Baba akampeleka Chiriku kando, kwenye dirisha ambako kelele zilipungua. "Nisikilize," akasema. "Jicho kuugua si aibu, kama vile mguu kuvunjika si aibu. Mwili ukikusumbua, sema. Tuambie sisi wazazi, mwambie mwalimu, mwambie muuguzi ukweli hata kama wenzako watacheka. Wewe uliogopa jina la utani, na kwa ajili ya jina hilo umeishi ukunguni karibu na watu wanaokupenda, nao hawakujua wakusaidie vipi. Usirudie. Na siku ile uliposimama sebuleni ukasema kosa ni lako, mtu asiye na hatia hakupoteza kazi yake. Kwa hilo nakushukuru."

"Sitarudia, baba."

Baba akamwekea sawa miwani iliyoteleza puani. Wakageuka kurudi kwa wenzao, kwa maana upande wa pili wa ukumbi, nyuma ya umati wote uliokuwa ukicheza, dada alikuwa amenyanyua mkono anawaita, na Chiriku ndiye aliyemwona kwanza.